Chungu Kimoja cha Mtarakwa

Paukwa!
Pakawa!
Mtarakwa wakati wa kiangazi?
Wa kijani!
Mtarakwa wakati wa masika?
Wa kijani!

Hapo kale, milimani kwenye ukungu, aliishi mama mmoja, Nakiete, na binti yake wa pekee, Nanzia. Kabla ya Nanzia, Nakiete alikuwa amezika watoto wawili, wote kwa kifua. Basi huyu akipiga chafya moja tu, mama ameshabandika chungu.

Dawa ya mafua huko ilikuwa majani ya mtarakwa. Huchemshwa, mgonjwa huinamia chungu, hufunikwa blanketi, akavuta mvuke. Tawi hukatwa moja tu kwa siku, mti usije ukamalizwa. Kwa hiyo wagonjwa wakiwa wawili, huinamia chungu kimoja chini ya blanketi moja. Na blanketi halifunuliwi mpaka mvuke uishe.

Juu ya mlima huo kulikuwa na zimwi. Macho yake hayakuona vizuri; liliwinda kwa pua. Mwaka huo baridi ikalipiga, likashikwa na mafua. Likapita karibu na watoto, lisiwanuse. Likapita karibu na mbuzi, lisiwanuse. Likapita karibu na mzoga wenye funza, lisinuse kitu. Likakonda, mbavu zikahesabika.

Siku moja likajigeuza bibi kizee, likashuka kijijini. Likamkuta Nakiete anapuliza moto, na Nanzia kando yake, kamasi zinamtiririka.

“Hodi, wenyewe!”

“Karibu, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Pua yangu imeziba kama mlango wa mchoyo. Nifukize na mimi.”

Nakiete akacheka. “Tawi la leo ndilo hili. Itabidi uiname na mjukuu wako huyu.”

“Hata ukiniweka na beberu, nitainama.”

Nanzia akanuna. “Mama, bibi ana kucha ndefu.”

“Koma! Mkubwa hasemwi hivyo. Na wewe zako umekata lini?”

Basi akawafunika wote wawili. Akakalia pindo la blanketi, maana watoto hutoroka mvuke.

Mvuke ukapanda. Pua zikaanza kuzibuka.

“Mama, bibi ananinusa.”

“Vuta mvuke, mwanangu. Ukitoka sasa, utaugua.”

“Mama, bibi ananilamba shingo.”

“Vuta mvuke, mwanangu. Jasho tu hilo.”

“Mama, bibi ana meno mengi. Nifunulie!”

Nakiete akashika pindo. Akayakumbuka makaburi mawili nyuma ya nyumba. Akalikalia tena, kwa nguvu zaidi.

“Vuta mvuke, mwanangu. Umebaki kidogo.”

Nanzia hakusema tena. Chini ya blanketi ikasikika pumzi ndefu, nzito, ya pua iliyozibuka kabisa. Nakiete akafurahi. Akajisemea, “Dawa imemwingia. Amelala.”

Mvuke ulipokwisha, akafunua. Bibi alikuwa ameketi peke yake, anajifuta mdomo kwa blanketi.

“Nanzia yuko wapi?”

“Ahsante kwa dawa, mwanangu. Kumbe jirani yako wa bondeni ana watoto wanne, na mmoja bado ananyonya!”

Nakiete akanyanyua chungu, akalimwagia zimwi usoni. Lakini alikuwa amengoja mvuke uishe, na maji yalikuwa yamepoa. Zimwi likajipangusa, likacheka, likatoka kuelekea bondeni.

Nakiete akapiga yowe moja, yowe la pili, yowe la tatu. Jirani akasikia. Akawaingiza watoto wake wanne ndani, akakomea mlango, na wanaume wakatoka na mikuki. Zimwi likapanda mlimani.

Jioni hiyo kila mama alimfungia mtoto wake ndani. Nakiete aliuacha mlango wake wazi. Hakuwa na wa kumfungia.

Hadithi yangu haiendi mbele ya hapo, wajukuu. Mtoto akilia chini ya blanketi, mfunulie kwanza umtazame. Dawa itachemshwa nyingine.