Nani Anyimwe Udongo?

Hapo zamani, kabla sufuria hazijafika kwetu, palikuwa na wafinyanzi wanne waliochimba udongo shimo moja na kuchoma vyungu vyao moto mmoja. Mila yao ilisema hivi: vyungu vikipasuka motoni, yuko kati yao mwenye kinyongo. Akishatajwa, hakanyagi tena shimoni. Mila tamu hiyo, hasa kwa mwenye kazi mbovu.

Siku moja Mkiwa akaaga kwenda kumzika shangazi yake. Alikuwa mjane asiye na shamba wala mbuzi. Udongo ndio uliowalisha wanawe. Huku nyuma vyungu vikachomwa, vikapasuka vyote.

Mashavu alijua kwa nini. Ndiye aliyeponda udongo, na changarawe hakuzitoa. Zuwena naye alijua. Ndiye aliyevifinyanga, akavileta motoni havijakauka. Basi Mashavu akawahi kusema kwamba Mkiwa aliondoka amenuna. Zuwena akaitikia kwamba ni kweli. Bi Mwanahawa, mkubwa wao, alimwona Mkiwa akiaga kwa uso mkunjufu, lakini alinyamaza, hakutaka ugomvi. Asiyekuwapo na lake halipo. Mkiwa aliporudi akazuiwa shimoni, na wanawe wakalala njaa. Mimi jambo hili linaniuma hata leo.

Wakachoma tena, Mkiwa keshafukuzwa. Vyungu vikapasuka vilevile. Wanakijiji wakaokota vigae, wakaziona changarawe, wakauliza mpaka ukweli ukatoka. Wakaamua Mkiwa arudi, naye amtaje mmoja atakayetoka.

Mashavu akasema, "Nilikutaja, ndiyo. Lakini ningekuwa peke yangu, nani angeniamini?"

Zuwena akasema, "Mimi sikumtaja mtu. Niliitikia tu."

Bi Mwanahawa akasema, "Mimi sikutaja, wala sikuitikia."

"Neno lako moja lingeniokoa, mama," Mkiwa akamjibu.

Akainua kidole. Kabla hajakielekeza kwa mtu, Bi Mwanahawa akamwuliza taratibu, "Na mwaka ule tulipomfukuza Bi Nasra shimoni, mwanangu, nani aliyeitikia?"

Mkiwa akakishusha kidole. Bi Nasra alikuwa amekwisha kuhama, na hakuna aliyejua anakula nini.

Haya, semeni nyinyi, na msinitajie mtu asiyekuwapo hapa. Kati ya hawa wanne, nani alistahili kunyimwa udongo?