Siku Nakijwa Alipolipanda Jino

"Aliye juu mngoje chini." Haya, nani kasema hivyo? Wewe, Elisante? Mume wangu mzima unamcheka binti wa jirani kwa kuwa amefaulu kuongoza wageni mlimani, na wewe umebaki hapa unanichambulia maharage ya kande? Ebo! Tena unaisema kwa kijicho, kama wanavyoisema wengi siku hizi, eti aliyepanda ataanguka tu, wewe kaa usubiri kumcheka. Sasa ninyi wajukuu mnaniuliza methali hii imetoka wapi. Huko kwingine sijui. Hapa kwetu Upareni imetoka katika ukoo wangu mimi, na ilianza hivi.

Jino mnalijua. Mlima Kimbale wenyewe ni wa kawaida, mbuzi wanachungwa mpaka karibu na kilele. Lakini kichwani mwake kuna lile jiwe limesimama wima, refu kuliko mivule mitatu iliyopandana. Zamani hizo hakuna aliyewahi kufika juu yake. Wazee walikataza watu kulipanda. Si kwa ajili ya mizimu, hapana, walikuwa tu wamechoka kuzika vijana.

Nakijwa, mama yake bibi yangu, alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mfupi, vidole vigumu kwa kukata majani ya ng'ombe kwenye magenge. Shamba lao lilitazamana na Jino. Akiinama kulima analiona, akiinuka analiona. Siku moja mama yake akamwuliza, "Mwanangu, huko juu umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mama. Nataka tu nisimame pale mara moja."

Basi, sababu yake yote ndiyo hiyo, na mimi naielewa. Mlima ukishamwingia mtu moyoni, hata chakula hakimpandi.

Kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Mrindoko, hodari wa kazi na hodari wa maneno. Huyo alilijaribu Jino mara tatu. Mara zote tatu alifika katikati, akakwama, akarudi na magoti yaliyochunika. Akatangaza kwamba jiwe lile halipandiki. Nakijwa alimsikia mtoni, mbele za watu, akacheka. "Halipandiki, au wewe ndiye huwezi kulipanda?"

Watu wakaangua kicheko. Mrindoko alitamani ardhi ipasuke. "Panda wewe basi!" akasema. "Aliye juu mngoje chini. Nitakuwa pale nangoja, niokote mifupa yako."

Siku ya siku, kijiji kizima kilitoka kwenda kutazama. Nakijwa alijifunga kaniki yake kiunoni, akaanza, miguu mitupu. Weee! Kila shimo la jiwe alilitazama kwanza, kisha akatia vidole, kisha mguu. Pale Mrindoko alipokuwa akikwama, naye alisimama kitambo kirefu, shavu limegusa jiwe. Wanawake wakafumba macho. Alipopita pale, hata wale wazee waliokataza walipiga makofi. Jua lilipoanza kuelekea magharibi alikuwa amesimama juu ya Jino, kaniki anaipunga, na vigelegele vilisikika hadi tambarare. Mimi sikuwepo, lakini nikisimulia mwili unanisisimka. Damu ile ndiyo hii, na yenu pia, mkitaka kuitumia.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu walipoona amefika, waliona mambo yamekwisha. Wingu lilikuwa linakuja, ng'ombe hawajakamuliwa. Wakateremka wakiimba. Hata mama yake alitangulia mbio kwenda kumkamata jogoo wa kumchinjia. Aliyebaki ni Mrindoko peke yake, ameketi chini ya jiwe, bado anangoja.

Na jiwe, wajukuu zangu, halishukwi kama linavyopandwa. Ukipanda, macho yanatangulia, unaona pa kushika. Ukishuka, makalio ndiyo yanatangulia, na miguu haina macho. Nakijwa alishuka salama mpaka katikati. Hapo manyunyu yakaanza, jiwe likawa linateleza. Akanyoosha mguu wa kulia, akapapasa. Hakuna shimo. Akapapasa tena. Hakuna. Kurudi juu, nguvu hana, na vidole vimeanza kufa ganzi.

"Jamani," akaita, "kuna mtu huko chini?"

Mrindoko alimsikia. Alimwona pia, mguu mmoja unaning'inia. Sehemu ile aliijua kuliko mtu yeyote, maana ndipo aliposhindwa mara tatu, kila shimo la kutoka hapo kwenda chini amelipapasa. Akinyamaza, aibu yake ya mtoni inazikwa pamoja na yule binti. Kunyamaza tu, wala hakuna atakayejua. Akanyamaza.

Nakijwa akaita tena, sauti imekuwa ndogo. "Kuna mtu?"

Mrindoko akasimama. "Mguu wa kushoto," akasema. "Siyo huo wa kulia. Wa kushoto, shusha."

"Nani huyo?"

"Usiulize. Shusha mguu."

"Mrindoko? Umekuja kuokota mifupa?"

"Shusha, nimesema! Kidogo tena. Sogeza huku kwenye ufa. Hapo. Kanyaga."

Akakanyaga. Shimo lilikuwepo.

"Sasa achia mkono wa kulia."

"Siwezi."

"Unaweza. Mimi nimeteleza hapo hapo, najua. Achia, ushike lile jiwe lililochomoza karibu na goti lako. Hilo. Umeona?"

Alimshusha hivyo hivyo kwa mdomo, shimo kwa shimo, mpaka akaweza kumshika kifundo cha mguu. Nakijwa alipogusa ardhi aliketi akalia. Mrindoko naye akalia, mwanamume mzima, na hakujificha.

"Ulipoita mara ya kwanza nilikusikia," akamwambia. "Nilinyamaza."

Nakijwa akajifuta uso. "Mara ya pili uliitika," akasema. "Pale unapokwama wewe, kuna shimo juu ya bega la kushoto. Hulioni kwa sababu unatazama mbali. Jiwe likikauka, panda. Mimi nitakungoja."

Na siku jiwe lilipokauka, Mrindoko akapanda. Mlidhani nitasema alishindwa? Alifika, akawa mtu wa pili kusimama juu ya Jino, akapiga kelele kama mwendawazimu! Kijiji kilikuwa kimekuja tena, kikashangilia tena. Kisha mvua ikaanza kudondoka, watu wakafunga nguo zao vizuri na kushika njia ya kurudi. Mama yake Nakijwa akamvuta binti yake mkono.

"Twende, mwanangu. Amekwisha kufika, tumemwona. Unangoja nini tena na mvua hii?"

Nakijwa hakugeuka. Alikuwa anaitazama miguu ya Mrindoko, iliyoanza kutokeza pale juu ukingoni, inapapasa.

"Keti, mama," akasema. "Aliye juu mngoje chini."