Mwalimu Mkuu Sakafuni

Siku Bibi Rula alipojiandikisha kusoma Kinorwe, habari zilienea chuo kizima kabla hajatoka ofisini. Nani asiyemjua? Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyenyooka kama ile rula yake iliyompa jina, na nusu ya mji ilijifunza kusoma huku ikimtetemekea. Sasa aliketi dawati la mbele, kati ya muuguzi na fundi umeme waliokuwa wakitafuta kazi ng'ambo, moyo ukimdunda kwa furaha kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwanawe alikuwa ameoa huko Norwe, na mjukuu wake wa pekee, binti wa miaka mitano, hakujua neno hata moja la Kiswahili.

“Mjukuu wangu wa damu, naongea naye kwa mkalimani kama mabalozi!” alimwambia muuguzi. “Likizo hii wanakuja. Safari hii baba yake atakaa kimya, tutaongea wenyewe.”

Kilichomkera ni desturi za watu wa Norwe. Mwalimu wa Kinorwe, kijana ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, alieleza kwamba huko wakubwa kwa wadogo huitana kwa majina tu, hata profesa. Kisha akajipa moyo, akamwita mwalimu wake wa zamani kwa jina lake tupu.

“Hebu rudia, nikusikie vizuri,” alisema Bibi Rula.

Kijana hakurudia. Badala yake alimwaga sakafuni vijiko, vikombe na matunda ya plastiki, akawataka waigize familia: mmoja awe mtoto aulize kila kitu kinaitwaje, na wengine wamsahihishe. Wakapiga kura, na utoto ukamwangukia Bibi Rula.

“Mimi? Nikae chini niulize kijiko ni nini? Mwanangu, nimekula chumvi nyingi mno kuchezea vikombe vya plastiki!”

Akabaki kitini. Wenzake walijibwaga chini, wakakosea, wakachekana hadi machozi. Yeye alijifungia nyumbani akamtungia mjukuu hotuba. Ilikuwa na salamu, shukrani na nasaha ndefu kuhusu faida za elimu, yote kwa Kinorwe safi, naye akaikariri hata akiwa anaosha vyombo. Alijiona amekwisha kushinda.

Jumapili akapiga simu ya video. Mtoto alisikiliza hotuba yote kinywa wazi. Ilipokwisha, akauliza swali moja, tena fupi. Bibi Rula hakuambulia kitu. Mtoto akauliza tena, akangoja, kisha akateremka kitini akaenda zake.

“Alikuwa anauliza nini?”

“Kama una paka, mama,” mwanawe alijibu kwa upole.

Paka! Na paka mwenyewe alikuwa amelala miguuni pake, anakoroma. Bibi Rula alilia siku hiyo, akalia kweli. Alijua sasa kwamba mtoto hakuhitaji hotuba, na kwamba likizo ilikuwa mlangoni.

Somo lililofuata alishika ukingo wa dawati, magoti yakalalamika, akaketi sakafuni katikati ya vikombe.

“Haya, mwalimu,” alisema. “Leo mtoto ni mimi. Na uniite hilo jina langu tupu, usiogope.”

Alikosea kila kitu. Fundi umeme akamsahihisha; Bibi akarudia, akaharibu zaidi, na wa kwanza kuangua kicheko akawa yeye mwenyewe. Ilikuwa raha asiyoitarajia! Tangu hapo alikuwa wa kwanza kukaa chini kila somo, mpaka muuguzi akalalamika kwamba mzee huyu amewanyang'anya wenzake zamu ya utoto.

Wageni walipofika, mjukuu alivua viatu mlangoni, akajificha nyuma ya miguu ya baba yake. Baba akafungua kinywa ili atafsiri, lakini Bibi Rula akamwashiria anyamaze. Kisha, katika gauni lake la heshima, akajishusha sakafuni, akainua kiatu kidogo.

“Hva er det?” aliuliza. Hiki ni nini?

Mtoto akajibu kwa kunong'ona. Bibi akalirudia neno, akaliumbua. Kichwa kidogo kikachungulia, kikamsahihisha. Akaliumbua tena. Mtoto akacheka, akatoka mafichoni, akaja kumkalia mbele. Kufumba na kufumbua alikuwa akikimbia huku na huko akileta mto, rimoti, mwavuli, na kila kitu kilitajwa, kikaharibiwa, kikatengenezwa. Hatimaye akamgeukia baba yake, mikono kiunoni, akasema jambo kwa ukali.

“Mama, anasema—”

“Usijisumbue, nimesikia,” alisema Bibi Rula, machozi ya furaha yakimlenga. “Amesema bibi hajui kitu, lakini yeye atamfundisha.”

Mtoto akapanda mapajani mwake, akajikalisha kama mwenye nyumba. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.