Mwalimu Fisi na Chungu cha Uani

Mvua ilikuwa imekataa kunyesha kwa mwaka wa pili, na katika bonde la Ngarani hata kupe walikuwa wamekonda. Hata hivyo hakuna aliyekuwa amekufa kwa njaa, kwa sababu ya chungu cha uani.

Ilikuwa desturi yao. Kila aliyevuna alipeleka kapu moja la mtama nyumbani kwa Simba. Alfajiri Nungunungu alipika uji, akauweka nyuma ya ua, kisha akageuka kutazama kwingine. Asiye na kitu alikuja, akachota, akaenda zake. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemuuliza.

Fisi hakuipenda desturi hiyo. Alikuwa msomi, na tumbo lake lilimtangulia barabarani kama la mwenye hoja nzito. Siku moja alisimama barazani kwa Simba.

“Mtukufu,” alisema, “chungu hiki ndicho kinachozaa maskini. Tangu kiwekwe, wanyonge wameongezeka. Zamani tuliwaona wapi?”

“Zamani walikuwa wanakufa, Mwalimu,” alisema Kobe polepole. “Ndiyo maana hukuwaona.”

“Hizo ni huruma, Kobe. Mimi naleta hoja. Ukimlisha mvivu leo, kesho atasahau hata kutafuna.”

Simba hakuelewa vizuri, lakini hakupenda ionekane hivyo. Akatikisa manyoya ya shingo. “Endelea.”

“Sisemi chungu kivunjwe. Nasema Nungunungu asigeuke tena. Amtazame mwombaji usoni, amtaje jina kwa sauti, amuulize: nyumbani una nini, jana ulifanya kazi gani, una ndugu wa kukulisha? Majibu ayatangaze bonde zima lisikie. Mvivu ataona haya, atakimbia.”

Baraza likapiga makofi. Sungura alikuwa pembeni, anatafuna jani. Kwa siku nyingi alikuwa akijiuliza kwa nini chungu kikubwa namna ile kilibaki nusu kabla kiwete wa kwanza hajafika.

“Mwalimu amesema vizuri,” alisema. “Naomba neno dogo tu liongezwe. Sheria hii imguse kila mmoja, awe mkubwa au msomi.”

“Isipogusa wote si sheria!” alijibu Fisi, masikio yakiwa bado kwenye makofi. Simba akakandamiza unyayo wake kwenye udongo wa mfinyanzi, na neno likawa sheria.

Kesho yake Kanga alifika uani. Alikuwa mjane aliyevunjika bawa, na vifaranga sita walimngoja kichakani. Akasikia sauti ikivuka mto: “Kobe! Nyumbani hana kitu! Jana hakufanya kazi!” Kanga akarudi alikotoka.

“Rudi ukachote, dada,” Sungura alimsihi alipomkuta kichakani. “Wanao hawajala tangu juzi.”

“Marehemu mume wangu alipeleka makapu matatu kwenye ua ule. Leo nitangazwe kama mwizi? Siwezi, Sungura.”

“Na huyu?”

Kifaranga mdogo kuliko wote alikuwa amelala ubavu. Hakuwa akilia tena.

“Nipe asubuhi moja,” alisema Sungura.

Alikwenda kwa Nungunungu. “Kesho wahi, dada. Na yeyote atakayekuja, usimwonee haya.” Kisha akaenda kwa Simba. “Mtukufu, wanasema sheria yako ina sauti tamu ikisikilizwa karibu na ua.” Jioni hiyohiyo Simba akahamishia mkeka wake upande wa ndani wa ua, karibu na chungu.

Kulipoanza kupambazuka, Fisi akaja akinyata, amebeba kibuyu kikubwa kama ngoma.

“Geuka, Nungunungu,” alinong'ona, “kama siku zote.”

“Sheria imenikataza, Mwalimu.”

“Mimi nimekuja kukagua.”

“Na kibuyu hicho?”

“Cha kukagulia.”

Nungunungu alivuta pumzi. “FISI!” Ndege wakaruka mitini. “Nyumbani una nini?”

“Punguza sauti, bibi wee! Nusu nyati tu, tena imekauka.”

“Ana nusu nyati! Jana ulifanya kazi gani?”

“Nilitoa hotuba.”

“Alitoa hotuba! Una ndugu wa kukulisha?”

“Ninao wanne,” alisema Fisi kwa uchungu, “lakini nao hula hapahapa.”

Bonde zima likaangua kicheko. Simba angeweza kusamehe wizi. Kuchekwa pamoja na sheria yake hakuweza. Aliruka ua, Fisi akatupa kibuyu, na hadi adhuhuri ile nusu nyati ilikuwa imeletwa uani kwa wote. Sheria ikavunjwa pamoja na udongo wake. Kanga alichota bila kuulizwa, na kabla ya jua kutua kifaranga mdogo alikuwa amesimama, anawapiga wenzake mabawa akigombea bakuli.

Siku ya tano Fisi alirudi, safari hii njaa imemshika kweli. Alisimama mbele ya chungu, ameinamisha kichwa, akingoja maswali. Hayakuja. Akachota kidogo, akaenda zake.

Simba hakukataza mtu kukipinga chungu, maana huenda ipo siku atatokea mwenye hoja. Aliagiza jambo moja tu: anayetaka kukisema akiseme baada ya kukaa siku tatu bila kula. Tangu hapo, hotuba za Ngarani zimekuwa fupi sana.