Zimwi Lililouliza Mara Tatu

Sogeeni, na mwenye moyo mwepesi azibe masikio.

Hapo kale, mji mmoja ulikuwa na hakimu zimwi. Kila shahidi aliapa mkono ukiwa juu ya ulimi wa zimwi hilo, na kila mwizi alimezwa nalo. Siku moja mbuzi wa Bi Mashavu alipotea, naye akamburura jirani yake Pazi hadi pangoni kwa hakimu.

"Ulimwona akiiba?" zimwi likamuuliza.

"Nilimwona." Hakuona kitu, ila roho ilimwambia ni yeye.

"Ulimwona?"

"Nilimwona!"

"Kweli ulimwona?"

"Nimeshasema, nilimwona!"

Pazi akamezwa huku akilia kwamba hajui lolote.

Kesho yake mbuzi akarudi kutoka porini na kitoto chake kichanga. Bi Mashavu akatimua mbio hadi pangoni.

"Bwana hakimu, mtapike!"

"Mimi sitapiki," zimwi likajibu. "Ndiyo maana nilikuuliza mara tatu."