Kwa Nini Kifuniko cha Chungu Hubisha

Kabla ya mwaka wa njaa, vyungu vyote katika nchi ya Waduruma vilipikiwa wazi. Vifuniko havikuwapo. Mvuke alitoka alipotaka, akapita uani kwa kila mtu, akaeleza nani anapika nini. Desturi ilikuwa fupi: aliyefikiwa na harufu alikuwa amealikwa. Nyinyi mnaoniuliza kwa nini siku hizi kifuniko hubisha, jibu liko kwa mtu aliyeitwa Mwero.

Mwaka ule Mwero alibaki na kibaba kimoja cha kunde, na mke wake, Nyamvula, alikuwa akimnyonyesha mtoto wao, Mwaka. Mwero aliwafikiria majirani zake, akaona kwamba wakija wote mama mtoto atalala na njaa. Akachonga jiwe bapa, akalilaza juu ya chungu, akaziba ukingo kwa udongo wa kichuguu. Harufu haikutoka. Mwero akaketi, ameridhika.

Mvuke hakuwa amewahi kufungiwa na mtu. Mwanzoni alibisha kwa adabu, kama mgeni anayeomba ruhusa ya kuondoka.

“Baba Mwaka, kuna mtu anabisha,” Nyamvula alisema.

“Anayebisha hodi huwa nje. Huyu yuko ndani, shida yake nini?”

Ndipo akaja Tsuma, jirani yao. Alisema amepita tu, kisha akaketi.

“Unapika nini?”

“Maji ya kuoga.”

“Umeyaziba kwa udongo?”

“Yasipoe.”

Tsuma alikitazama chungu, akavuta kigoda karibu. “Basi nitakusubiri uoge.”

Mwero alitaka kunde ziive kabla hajafika jirani mwingine, akachochea moto. Hapo ndipo alipokosea. Maji yalizidi kugeuka, na kila tone lililogeuka lilimzalia Mvuke ndugu wengine, wala chumba hakikuongezeka. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo ndugu hao walivyokimbia huku na huku, wakiugonga ukuta wa chungu, wakiligonga jiwe. Jiwe likaanza kutetemeka. Mwero akaongeza juu yake jiwe la kusagia.

Nyamvula alimfunga mtoto mgongoni. “Maji yako ya kuoga yana hasira. Ukinitafuta, niko kwa mama.”

“Nami namsindikiza shemeji,” Tsuma akasema, akaondoka na kigoda mkononi.

Mwero alikuwa nyuma ya nyumba akikusanya kuni chungu kilipopasuka. Jiwe la kusagia lilipatikana shambani. Kunde zilitawanyika juu ya mapaa, na harufu ikawafikia hata watu ambao Mwero hakuwajua kwa majina.

Toka siku ile Mvuke haamini kifuniko chochote. Akifunikwa na moto ukiwaka, hubisha mapema, na mpishi anayependa chungu chake hukilaza kifuniko upande, amwachie njia.

Majirani waliokota kunde paani, kila mmoja akaongeza kidogo alichokuwa nacho, zikapikwa tena kwa Tsuma, chungu kikiwa wazi. Nyamvula aliitwa kutoka kwa mama yake, akapakuliwa wa kwanza. Mwero alifika baadaye, akifuata harufu, akakaribishwa.