Konzi ya Tusekile

Dawa haina nyongeza.

Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa mmeniuliza wenyewe, wajukuu zangu, baada ya kumsikia mama yenu akiitamka, mtanivumilia mpaka mwisho.

Kiwira sokoni palikuwa na muuza maharage aitwaye Tusekile. Akishajaza sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, na kuipigapiga maharage yatulie, alirudisha mkono guniani akachota konzi moja zaidi, akaimwaga juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyeitoa, wateja humpita kama hayupo. Na nyongeza haihesabiwi. Ukimwuliza Tusekile ameuza sado ngapi, atakwambia tano, hata kama zile konzi zingejaza ya sita.

Miaka ya kuinamia magunia ilimharibu magoti. Tabibu wa zahanati, kijana mmoja jina lake Ambakisye, alimwandikia vidonge vya maumivu, kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Akamwambia arudi kila mwezi apimwe, kwa sababu dawa ya namna hiyo ikitumiwa muda mrefu inataka kuangaliwa kama maziwa motoni. Akampa vidonge vya mwezi mzima.

Siku ya kumi na tano kikopo kikawa kitupu.

Tusekile alishangaa kwelikweli. Vimekwenda wapi? Aliwashuku panya, lakini panya gani anayejua kufungua kifuniko? Akamshuku mumewe, Asajile, ambaye mgongo wake huuma siku za palizi tu. Asajile akaapa kwamba hajavigusa, akanuna siku mbili. Kwa kuona aibu kurudi zahanati mapema, Tusekile alinunua vingine duka la dawa, wala hakumwambia tabibu. Siku ya kupimwa nayo aliipitisha, kwa kuwa ilikuwa siku ya gulio.

Vile vya duka alivifungia sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni. Navyo vikaisha nusu ya muda wake. Sasa panya na mume wote walikuwa wametoka kwenye kesi, na yeye hakulala vizuri kwa kuwaza. Kibaya zaidi, miguu ilimvimba hata viatu vikakataa, na mkojo ukawa haba. Hapo hamu ya kujua ikageuka hofu, akaenda zahanati.

Ambakisye alimwamkia, akamsikiliza, akatazama ile miguu. Uso wake ulibadilika. Alimwuliza anameza vingapi kwa siku. Tusekile akajibu kwamba ni kimoja asubuhi na kimoja jioni, na hakuwa anadanganya. Tabibu akamwekea mezani kikopo cha vidonge.

“Mama, hebu nionyeshe unavyofanya. Usimeze, nionyeshe tu.”

Tusekile akamimina kidonge kimoja kiganjani. Kisha mkono ukarudi kikoponi, ukatoa kingine, ukakiweka juu ya kile cha kwanza.

“Hivyo ni viwili, mama.”

“Dozi ni kimoja,” akasema Tusekile, akimshangaa msomi asiyejua kuhesabu. “Hiki cha pili ni nyongeza. Nyongeza haihesabiwi.”

Tabibu hakucheka.

“Figo zako zinaihesabu,” akasema.

Tusekile alikitazama kiganja chake. Mwizi aliyemtafuta wiki zote hizo alikuwa ameambatana naye muda wote, na wala hakuwa na nia mbaya. Aliona aibu, akalia.

Vipimo vilionyesha kwamba figo zimeanza kushindwa kazi. Tabibu alimsimamisha vile vidonge siku ileile, akampeleka hospitali. Alimweleza waziwazi kwamba maumivu yakizidi dozi, anayeongeza ni tabibu, si mgonjwa. Mgonjwa anarudi kusema. Wiki sita Tusekile hakujua kama figo zitaamka au la, na Asajile aliyeshukiwa bure ndiye aliyempikia. Ziliamka, ingawa si kwa nguvu zake zote. Alipewa dawa nyingine, mazoezi ya magoti, na kigoda cha kuuzia ameketi.

Aliporudi sokoni, Sekela wa meza ya jirani, naye magoti yanamtesa, alimwona akimeza kidonge chake cha mchana. Akanyoosha mkono.

“Mwenzangu, nionjeshe hata kimoja. Au umekuwa mchoyo?”

Tusekile alifunga kikopo, akakitia mfukoni.

“Sekela, ningekuwa nakuchukia ningekupa. Kesho nitakupeleka kwa tabibu mwenyewe.”

Kisha akachota maharage guniani, konzi mbili, akamjazia Sekela mikono mpaka yakamwagika.

“Haya chukua, utakavyo. Dawa haina nyongeza.”